Kupandisha Nextcloud kwa mkono bila kupoteza faili hata moja: ngazi ya matoleo na ngazi ya PHP

Seva_ya_Moro

Wakuu, salamu kwenu.

Kila baada ya muda anaibuka mtu humu na kilio kile kile. Amebonyeza kitufe cha kusasisha Nextcloud (programu ya kutunza na kushirikiana mafaili kwenye seva yako mwenyewe) kwenye kivinjari, ukurasa umekwama, na kila akirudi anakuta maandishi haya: "Step 5 is currently in process. Please reload this page later." Anapakia upya, wapi. Ofisi nzima haioni mafaili yake, simu zinaanza kuita, na hapo ndipo mtu anaanza kufuta folda kwa hasira.

Mimi naangalia seva ya ofisi ndogo ya upimaji ardhi hapa Morogoro. Ndani yake kuna ramani, michoro na hati zilizoskaniwa, vitu ambavyo vikipotea huwezi kuvitengeneza upya. Seva ilikuwa na Nextcloud toleo la 24 juu ya mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04. Leo iko 31 juu ya Ubuntu 24.04, na njia yote imepandishwa kwa mkono bila kugusa kile kitufe. Naweka hapa jinsi inavyofanyika, kwa sababu maelezo mengi ya mtandaoni yanakupa amri tu bila kukwambia kwa nini, na ukikutana na kosa lisilokuwemo kwenye maelezo unabaki umeduwaa.

Kwanza jua Nextcloud yako ni vitu vitatu vinavyokaa pamoja. Kuna mafaili ya programu yenyewe. Kuna faili moja linaloitwa config.php. Halafu kuna mali ya watu, yaani folda ya data pamoja na hifadhidata. Kupandisha toleo maana yake ni kuondoa yale mafaili ya programu na kuweka mengine mapya. Hivyo vingine viwili havitupwi hata siku moja. Ukilishika hili, nusu ya hofu inaisha, maana ukiwa katikati ya kazi unajua kipi unaweza kukifuta na kipi usikiguse.

Hiyo config.php msiidharau kwa udogo wake. Ndani yake kuna `instanceid`, `passwordsalt` na `secret`. Mtu anaweza kuwa na hifadhidata nzima salama, lakini akipoteza ile `secret`, nywila za hifadhi za nje zilizofungwa kwa siri hiyo hazifunguki tena. Nakala yake ikae mahali pengine kabisa, si kwenye diski ile ile.

Pili, hakuna kuruka. Kutoka 24 unakwenda 25, kutoka 25 unakwenda 26, hivyo hivyo hadi mwisho. Fungua faili la `version.php` kwenye toleo la 26 utaona limeandikwa wazi linakubali kupokea nani:

`'nextcloud' => ['25.0' => true, '26.0' => true]`

Basi. Ukija na 24 inakukatalia: "Updates between multiple major versions and downgrades are unsupported." Na si ubishi tu wa watengenezaji. Kila toleo linakuja na hatua zake za kubadilisha majedwali ya hifadhidata kutoka toleo lililotangulia, na ukiruka toleo umeziruka hatua hizo. Na kabla hujatoka toleo ulilopo, hakikisha uko kwenye sasisho lake dogo la mwisho. Kwenye download.nextcloud.com, ndani ya server/releases, kuna mafaili yenye majina kama `latest-24.tar.bz2` na `latest-25.tar.bz2`, kwa hiyo huna haja ya kukisia namba.

Sasa kazi yenyewe. Ingia kwenye seva, fungua `tmux` kwanza. Umeme ukikatika upande wako au bando likiisha katikati ya zoezi, kazi inaendelea kule kwenye seva na ukirudi unaikuta ilipo. Bila tmux, muunganisho wa SSH unaoingilia seva ukikatika na amri inakatika nao.

Funga mlango watumiaji wasiingie, kwa occ, chombo cha amri cha Nextcloud, ukikiendesha kama www-data, mtumiaji wa seva ya wavuti:

`sudo -u www-data php occ maintenance:mode --on`

Simamisha na ile kroni (kazi zinazojiendesha kwa ratiba) ya www-data, maana hii inasahaulika sana. Kisha chukua nakala ya hifadhidata:

`mysqldump --single-transaction --default-character-set=utf8mb4 -u nextcloud -p nextcloud > nc24.sql`

Usiridhike kwa kuona faili limetokea. Angalia mstari wake wa mwisho:

`tail -n 1 nc24.sql`

Lazima uone maneno "Dump completed on" na tarehe. Kama hayapo, nakala imekatika njiani, pengine diski imejaa, na ulichonacho mkononi si bekapu. Mimi naenda mbali zaidi, naimwaga ile nakala kwenye hifadhidata tupu yenye jina jingine nione inaingia yote. Ni dakika chache tu, na baada ya hapo mikono haitetemeki.

Halafu tunakuja kwenye mafaili. Usifungue kifurushi kipya juu ya folda ya zamani. Ipe ya zamani jina jingine, na mpya ifunguke mahali patupu:

`mv nextcloud nextcloud-24`
`tar -xjf latest-25.tar.bz2`
`cp nextcloud-24/config/config.php nextcloud/config/`

Hapa simama. Soma ndani ya config.php mstari wa `datadirectory`. Kama data yako iko nje, mfano /mnt/data, huna la kufanya. Kama iko ndani ya folda ya Nextcloud yenyewe, ihamishe kwa `mv`, folda nzima kama ilivyo. Kwenye diski moja hata terabaiti moja inahama papo hapo, kwa sababu kinachobadilika ni jina la njia tu. Usitumie `cp data/*`, maana ile nyota haichukui mafaili yaliyofichwa, na ndani ya data kuna faili lililofichwa la `.ocdata`. Likikosekana Nextcloud inakwambia folda yako ya data si halali, na unaweza kudhani kila kitu kimeharibika kumbe ni faili moja tu limebaki nyuma.

Programu ndogo za nje ulizoziongeza mwenyewe, zile ambazo hazimo kwenye kifurushi kipya, zinakili kutoka `apps` ya zamani. Zilizomo tayari usizifunike na za zamani. Kisha:

`chown -R www-data:www-data nextcloud`
`cd nextcloud`
`sudo -u www-data php occ upgrade`

Amri za occ zinaendeshwa na mtumiaji anayemiliki config.php, si root. Ikimaliza itakwambia "Maintenance mode is kept active", kwa sababu ndiyo hali uliyoikuta nayo, kwa hiyo uizime mwenyewe kwa `maintenance:mode --off`. Ingia, fungua mafaili mawili matatu, pakia kitu, futa kitu. Ndipo uanze mzunguko mwingine. Na kila ngazi ina nakala yake mpya ya hifadhidata, msitegemee ile ya ngazi ya kwanza.

Ngazi ya PHP, lugha inayoiendesha Nextcloud, naiandikia chapisho lake hapo chini, maana ndiko watu wengi wanakoanguka.

---

Seva_ya_Moro

Sasa PHP.

Kila toleo la Nextcloud lina PHP linazozikubali, na linazikataa za zamani mno na za mbele mno pia. Watu wanalijua la kwanza, la pili linawashtukiza.

Ubuntu 20.04 inakuja na PHP 7.4. Nextcloud 25 bado inaikubali 7.4, kwa shingo upande, na inakubali pia 8.0 na 8.1. Nextcloud 26 haitaki kabisa 7.4, inaanzia 8.0. Kwa hiyo toleo la 25 ndilo daraja: ukiwa juu yake ndipo unavuka kutoka 7.4 kwenda 8.1. Na Ubuntu 22.04 inakuja na 8.1 hiyo hiyo. Kwa mtu wa Ubuntu njia imenyooka: panda hadi 25 ukiwa bado 20.04, pandisha mfumo uwe 22.04, halafu endelea 26, 27, 28. Toleo la 28 linakubali hadi PHP 8.3, ambayo ndiyo ya Ubuntu 24.04. Ukifika hapo pandisha mfumo tena, kisha malizia 29, 30, 31. Hakuna hazina ya nje ya vifurushi, hakuna kuchanganya.

Na mfumo wenyewe unadai hivyo. Ubuntu 20.04 ilimaliza miaka yake 5 ya huduma ya kawaida mwaka 2025, na PHP 7.4 iliachwa na wenyewe Novemba 2022. Kukaa hapo ni kuacha dirisha wazi.

---

mama_mtandao

Mkuu ubarikiwe kwa uzi huu. Mimi nipo pale pale kwenye daraja. Nimefika 25 salama, nimepandisha Ubuntu kwenda 22.04, sasa nikifungua ukurasa napata 502 Bad Gateway. Seva yangu ya wavuti ni nginx. Nikiandika `php -v` inaniambia 8.1, kwa hiyo PHP ipo. Tatizo liko wapi?

---

Seva_ya_Moro

Dada, `php -v` inakuonyesha PHP ya kwenye terminali tu. Ile inayohudumia ukurasa ni nyingine, ni FPM, huduma ya PHP inayopokea maombi kutoka nginx kupitia soketi. Fungua faili la nginx la tovuti yako, tafuta mstari wa `php7.4-fpm.sock`. Soketi hiyo haipo tena. Badilisha uwe `/run/php/php8.1-fpm.sock`, hakikisha kifurushi cha php8.1-fpm kimesakinishwa, kisha uiwashe upya nginx.

Usiishie hapo. PHP mpya imekuja na php.ini mpya, na mipangilio yako yote ya zamani imebaki kwenye /etc/php/7.4. Rudisha `memory_limit` iwe 512M, maana imerudi 128M, na rudisha ukubwa wa mafaili yanayopakiwa. Usipofanya hivyo kesho watu watakwambia video hazipandi na utatafuta kosa kwenye Nextcloud wakati halipo huko. Angalia na moduli: mysql, xml, mbstring, zip, gd, curl, intl, bcmath, gmp. Kila moja ina kifurushi chake cha toleo jipya.

---

mama_mtandao

Imefunguka! Kweli ilikuwa ni ile soketi. Ila occ sasa inagoma, inasema APCu not available for local cache.

---

Seva_ya_Moro

Hiyo ni kwa sababu config.php yako inataja APCu, kumbukumbu ya muda ya PHP, na kwenye terminali APCu imezimwa. Hakikisha kifurushi cha php8.1-apcu kipo, kisha endesha hivi:

`sudo -u www-data php --define apc.enable_cli=1 occ upgrade`

Au weka `apc.enable_cli=1` kwenye mipangilio ya CLI, yaani ya terminali, moja kwa moja, usiwe unairudia kila mara.

---

Debian_Kisumu

Wakuu, hii ngazi ya Ubuntu ni safi lakini sisi wa Debian tumewekwa wapi? Debian 11 ina PHP 7.4. Debian 12 ina PHP 8.2. Hiyo 8.1 ya katikati haipo. Mimi nimeshapandisha mfumo hadi 12, Nextcloud iko 25, na sasa hata occ haifunguki. Inasema "This version of Nextcloud is not compatible with PHP>=8.2." Siwezi hata kuweka maintenance mode. Kurudi Debian 11 ni kuanza upya seva nzima.

---

Seva_ya_Moro

Kaka, hili ndilo swali nililokuwa nalingoja, na jibu lake linaonyesha kwa nini napenda kupandisha kwa mkono.

Usirudi Debian 11. Fikiria nani anagoma. Anayegoma ni mafaili ya programu ya toleo la 25, ambayo hata hivyo tunakwenda kuyaweka kando. Data yako haijali PHP. Hifadhidata nayo haijali PHP. Mafaili ya toleo la 26 yanakubali 8.2 bila tatizo. Na kazi ya kupandisha kutoka 25 kwenda 26 inafanywa na mafaili ya 26, si ya 25. Kwa hiyo huhitaji 25 iamke tena.

Fanya hivi. Fungua config.php kwa mkono, tafuta mstari wa `maintenance`, kama haupo ongeza:

`'maintenance' => true,`

Soma na mstari wa `version` humo humo, ukwambie uko 25.0 ya ngapi. Chukua nakala ya hifadhidata kwa mysqldump, hiyo nayo haina habari na PHP. Kisha `mv`, fungua `latest-26.tar.bz2`, weka config.php, chown, `occ upgrade`. Ile occ utakayoiendesha sasa ni ya 26, itafunguka.

Kama namba yako ya 25.0 iko nyuma sana ya ile ya mwisho, iweke kwanza PHP 8.1 pembeni ya 8.2 kutoka hazina ya Ondřej Surý, yule yule anayetengeneza vifurushi vya PHP vya Debian. Zinakaa pamoja hazigombani. Unaita `php8.1 occ` badala ya `php occ`, unafika mwisho wa 25, kisha unavuka.

Kitufe cha kwenye kivinjari hakiwezi kukutoa hapo, kwa sababu chenyewe kinaishi ndani ya toleo linalokataa kuamka.

---

Debian_Kisumu

Asante sana. Ilikuwa 25.0.13, kwa hiyo sikuhitaji hazina ya nje. Nimehariri config, nimefungua 26 na sasa imekubali, inatembea kwenye majedwali. Nitaendelea 27 jioni.

---

KibodiNzito

Mkuu naomba kuuliza kuhusu hili la kutofungua juu ya folda ya zamani. Mimi siku zote nafungua kifurushi juu yake, mafaili mapya yanafunika ya zamani, naona inafanya kazi. Kuna ubaya gani?

---

Seva_ya_Moro

Yanayofunikwa ni yale yenye majina yanayofanana tu. Toleo jipya likiwa limefuta faili fulani, lile la zamani linabaki pale pale. Endesha `occ integrity:check-core` uone orodha ya EXTRA_FILE, yaani mafaili ya ziada, itakavyokuwa ndefu. Mengine hayana madhara, mengine yanavuruga ukurasa kwa namna ambayo huwezi kuielewa.

Na kuna upande wa usalama. Novemba 2023 ilitangazwa hitilafu ya ownCloud, ndugu mkubwa wa Nextcloud, maana Frank Karlitschek aliyeanzisha ownCloud mwaka 2010 ndiye aliyetoka na kuanzisha Nextcloud mwaka 2016. Hitilafu hiyo namba yake ni CVE-2023-49103, na ilipewa alama 10 kati ya 10. Chanzo chake kilikuwa faili moja la majaribio, `GetPhpInfo.php`, lililokuja pamoja na maktaba ya nje ndani ya programu ndogo ya graphapi. Mtu yeyote akiliita kutoka nje lilimwonyesha taarifa za mazingira ya PHP, na kwenye seva za kontena humo ndimo zilimokuwa nywila ya msimamizi na za seva ya barua pepe. Kuizima graphapi hakukusaidia. Wenyewe walisema wazi lile faili lifutwe na nywila zibadilishwe. Faili lisilotumika na mtu yeyote, limekaa tu ndani ya folda inayofikiwa na wavuti, lilitosha kumwaga kila kitu.

Ndiyo maana nasisitiza folda mpya ifunguke mahali patupu. Na ile `nextcloud-24` usiiache ndani ya /var/www ambako seva ya wavuti inaweza kuifikia. Iondoe huko siku hiyo hiyo.

---

KibodiNzito

Nimekuelewa, naanza upya na folda safi. Na anayetumia Docker, yaani Nextcloud ndani ya kontena, je, haya yote yanamhusu?

---

Seva_ya_Moro

Mafaili anabadilishiwa na picha ya kontena, kwa hiyo kazi ya mv na tar hana. Lakini ngazi ni ile ile. Ukibadilisha namba kutoka 27 hadi 30 kwa mkupuo, kontena linakataa kuwaka na kukwambia ni toleo moja kwa wakati. Na usiandike `latest` kwenye faili la compose, andika namba, la sivyo siku umekaa miezi mingi bila kuvuta picha mpya utajikuta unaruka ngazi bila kukusudia. Nakala ya hifadhidata ni ile ile, hakuna anayekusamehe hapo.

---

mama_mtandao

Nimefika 28 wakuu. Ukurasa wa msimamizi una maonyo mengi ya njano. Indeksi zimekosekana, .mjs, na mengine. Je nisimame?

---

Seva_ya_Moro

Hongera dada. Ya hifadhidata yamalize sasa, haya hayafanywi yenyewe wakati wa kupandisha kwa sababu kwenye majedwali makubwa yanachukua muda:

`occ db:add-missing-indices`
`occ db:add-missing-columns`
`occ db:add-missing-primary-keys`

Kisha `occ maintenance:repair --include-expensive`, lakini hii ifanye usiku watu wameondoka. Hilo la .mjs ni la nginx: matoleo mapya yanatumia mafaili ya mjs na nginx yako haiyatambui kama JavaScript. Linganisha faili lako na mfano wa nginx uliomo kwenye mwongozo wa toleo lako, usitembee na mfano wa miaka ya nyuma. Programu ndogo zilizozimwa kwa kutokuendana, jaribu `occ app:update --all` kabla ya kuziwasha moja moja.

---

Debian_Kisumu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Ikitokea occ upgrade imefia katikati, narudisha tu jina la folda ya zamani?

---

Seva_ya_Moro

Hapana, na hili watu walisome mara mbili. Kwanza iendeshe tena `occ upgrade`, mara nyingi inaendelea. Ikigoma kabisa, kurudisha folda peke yake hakutoshi. Hifadhidata imeshaanza kubadilishwa. Mafaili ya zamani yakikuta majedwali ya toleo jipya hayataelewana nayo, na kurudi nyuma kwa toleo hakukubaliki kabisa kwenye Nextcloud. Unarudisha vyote: folda ya zamani, config.php ya zamani, na hifadhidata. Na hifadhidata uifute kabisa na kuiunda upya kabla ya kumwaga nakala ndani, kwa sababu ukimwaga juu ya iliyopo, majedwali mapya yaliyokwisha kuundwa yatabaki na siku ukijaribu tena yatakuzuia.

Na ile folda ya zamani ukitaka kuifuta kabisa, kabla ya `rm -rf` andika kwanza:

`grep datadirectory nextcloud/config/config.php`

Kama njia inayotokea inapita ndani ya folda unayotaka kuifuta, ondoa mkono kwenye kibodi, hamisha data kwanza. Mimi naisubiri hadi mwisho wa mwezi upite, wahasibu wamefungua ripoti zao na wapimaji wamepakia michoro yao, ndipo naifuta.